Soksi za Habon

Khalayi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alimzika mumewe akiwa bado kijana, akamlea mwanawe Kweyu peke yake katika chumba kimoja cha Dandora, na siku zote hizo alikuwa kando ya barabara na karai lake, jua likiwaka au matope yakipanda mpaka vifundoni. Aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Aliikaanga mpaka ikakauka na kulia kinywani, na vibarua na waokota taka wa jalalani walimpenda kwa sababu hakuwapunja. Kweyu alipopata kazi ya kiwanda na kuhamia Mukuru kwa Njenga, alimwambia mama yake aende wakaishi pamoja. Khalayi alikataa. Wateja wake walikuwa Dandora.

Samaki ndio waliomleta paka. Alikuja akiwa mbavu tupu, rangi yake kama simiti iliyokorogwa sasa hivi, na jina likawa hilo hilo, Simiti. Kwa kulipa fadhila alianza kuleta panya. Aliwaleta wale wakubwa wa jalalani, akawalaza mlangoni vichwa vikielekea ndani, halafu akakaa pembeni kungoja sifa.

"Asante, mama," Khalayi alikuwa akimwambia, huku akimzoa panya kwa koleo. "Lakini hii nyama mimi sili."

Ploti yao ilikuwa ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mwaka ule wa El Niño, mvua ilipoanza tu, Simiti alizaa nyuma ya magunia ya makaa ya Khalayi, pale uani. Nyamai, msimamizi wa ploti, hakupenda paka. Siku moja Khalayi akiwa ameenda kununua samaki, Nyamai aliwazoa wale watoto wakiwa hawajafumbua macho, akawatia guniani na kuwapeleka jalalani. Simiti alilia siku nyingi. Aliingia chini ya kitanda, akatoka, akapanda juu ya kabati, akashuka, akiita. Kisha akanyamaza, na Khalayi akadhani amesahau.

Asubuhi moja Khalayi alifungua mlango akaona kitu kizingitini. Aliinama na koleo lake akidhani ni panya. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga, nyeupe, yenye uzi mwekundu ukingoni, imelowa.

Aliitazama bila kuigusa. Kwao Bungoma, nguo ya mtoto haiji mlangoni pa mtu kwa miguu yake. Kuna aliyeileta, na kuna anachokitaka. Aliisukuma ndani kwa koleo, akafunga mlango na kusali.

Siku ya pili yake aliporudi kutoka barabarani, alifungua kufuli lake kwa mkono wake, na chini ya kitanda akakuta kofia ya sufi, ndogo kama ngumi. Hapo mwili ulimsisimka. Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nani anaingia chumbani mwake?

Alijua nguo zile ni za nani. Katika ploti nzima kulikuwa na mtoto mchanga mmoja tu, Habon, binti wa Mumina na Burale. Walikuwa wamehamia hapo mwaka ule baada ya kodi ya Isili kuwashinda. Burale aliuza vitambaa huko Isili kwa jumla, na mama yake, Khadro, aliishi nao. Walikuwa watu wa salamu na tabasamu, lakini Khalayi hakuwa amewazoea. Angeanzaje kuwaambia kwamba nguo za mtoto wao zinajileta chumbani mwake?

Kisha Habon akaanza kukohoa.

Lorine, aliyekaa chumba cha karibu na bomba, ndiye aliyekuwa redio ya ploti. "Mama Kweyu, umeskia?" alimwuliza Khalayi wakiteka maji. "Nguo za mtoto wa Mumina zinapotea. Na sasa mtoto ni mgonjwa. Hizo nguo hazipotei bure. Kuna mtu anazipeleka mahali."

"Mahali gani?" Khalayi aliuliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

"Wee! Unaniuliza kama hujui. Mahali." Lorine alitazama huku na huku. "Na huyo mtu yuko hapa ndani. Geti hufungwa. Hakuna mtu wa nje anaingia."

Maji yalijaa ndoo ya Khalayi, yakafurika na kumwagika miguuni pake, na yeye hakuwa na habari.

Alijua jambo moja ambalo hakutaka kulikumbuka. Mwaka mmoja nyuma, pale kona ya duka la mafuta ya taa, watu walimkamata kijana wakidai ameiba redio. Khalayi aliona mwanzo wake tu, akakimbia na karai lake. Redio ilipatikana baadaye kwa fundi, mwenyewe alikuwa ameisahau huko. Kiatu cha yule kijana kilibaki matopeni mpaka mvua ilipokisomba.

Siri ilifichuka mchana mmoja wa mvua kubwa, ambapo hakuna mtu angeweza kuwasha jiko barabarani. Khalayi alikuwa ameketi kitandani akisikia sauti ya ajabu, kilio kilichobanwa, kama mtoto anayelia na nguo mdomoni. Nywele zilimsimama. Sauti ilipanda ukutani kwa nje, ikafika juu ya mlango, pale palipokuwa na pengo kati ya ukuta na mabati. Akatokea Simiti, amelowa chapachapa, na fulana ya mtoto inaning'inia kinywani. Alishuka kwa ustadi, akailaza fulana miguuni pa Khalayi, akaita. Aliita kwa ile sauti aliyokuwa akiwaitia watoto wake.

"Kumbe ni wewe!" Khalayi alishika kifua. "Simiti, kumbe ni wewe!"

Alicheka. Kicheko hakikufika mwisho, kwa maana hofu nyingine ilikuja juu ya ile ya kwanza, kubwa kuliko hiyo. Nani atamwamini? Mjane anayeishi peke yake, ana paka, na paka anatumwa kuchukua nguo za mtoto mgonjwa. Hivyo ndivyo watu husimulia habari za wachawi tangu zamani. Angefungua mdomo kujitetea, na kila neno lake lingekuwa ushahidi dhidi yake.

Jumapili Kweyu alikuja kumwona. Alizitazama nguo zile ndani ya beseni, akashusha sauti. "Choma, mama. Ama uzitupe jalalani."

"Jalalani kuna macho mengi kuliko sokoni. Pale kila kitambaa kinapinduliwa."

"Basi choma. Na huyo paka nipe niende naye."

"Mwanangu, nguo zipotee na paka apotee? Si watauliza?"

Kweyu alipoondoka, Khalayi alijaribu kuchoma. Aliwasha jiko, akaweka soksi moja juu ya makaa. Ilikuwa mbichi. Ilitoa moshi mzito unaonuka sufi, ukatoka chini ya mlango mpaka uani, na hapo hapo mlango ukabishwa.

"Mama Kweyu! Unachoma nini?" Ilikuwa sauti ya Lorine.

Khalayi alifunika jiko kwa sufuria, vidole vikaungua, akauma mdomo asilie. "Ni kitambaa cha kushikia sufuria, kimeanguka motoni."

Kisha Lorine akasema polepole, "Pole," na nyayo zake hazikuondoka mara moja.

Wiki hiyo Habon hakulala. Kikohozi chake kilisikika ua mzima. Ijumaa jioni Nyamai alisimama karibu na bomba akatangaza kwamba kesho watu wakiwa nyumbani, kila chumba kitapekuliwa, na asiyetaka kupekuliwa ajieleze. Wote waliitikia. Khalayi naye aliitikia.

Hakuchagua ushujaa. Alihesabu tu njia zilizobaki, na zote zilikuwa mbaya, isipokuwa moja iliyokuwa mbaya kidogo. Asubuhi, kabla Nyamai hajaanza, alitia nguo zote katika beseni, pamoja na ile soksi iliyoungua, akavuka ua. Simiti alimfuata nyuma, mkia juu.

"Hodi."

Mumina alitoka na Habon begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Khalayi aliweka beseni chini.

"Mama Habon, nguo za mtoto ni hizi. Zote. Mimi sikuziiba. Ni paka wangu anazileta, na mimi nimekaa nazo kwa kuogopa. Nilijaribu hata kuchoma hii moja. Nakuambia ukweli wote."

Mumina alizitazama nguo, kisha akarudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Kule kurudi nyuma kulimchoma Khalayi kuliko makaa.

"Nilisema!" Lorine alikuwa ameshafika. "Si nilisema? Alikuwa anachoma! Nilinusa kwa pua yangu!"

Milango ilifunguliwa. Mtu mmoja alilitamka lile neno, kwa sauti ya chini, na likazunguka ua: mchawi. Burale alitoka akijifuta mikono. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Khalayi zaidi. Alikwenda getini akalifunga kwa mnyororo.

"Hakuna mtu anatoka," alisema. "Mama, paka anavaa soksi?"

Khalayi alimnyooshea kidole Simiti, aliyekuwa amekaa kando ya beseni.

Ndipo Khadro alipojipenyeza kati ya watu. Aliokota fulana, akaisogeza karibu na macho yake yaliyoanza ukungu, akavuta unywele mmoja wa rangi ya simiti, kisha mwingine. "Hii nywele ya bisad. Ya paka."

"Hata yeye anaweza kuweka nywele," Lorine alisema.

Khadro alimgeukia Khalayi. "Paka yako iko na watoto?"

"Alikuwa nao. Walitupwa jalalani."

Nyamai alitazama viatu vyake.

"Basi iko natafuta," Khadro alisema. "Wacha ionyeshe yenyewe." Alitundika nguo zile kwenye kamba ya chini kando ya ukuta, akaketi kwenye kigoda na kumpokea Habon mapajani. "Tukae."

Wakakaa. Na Simiti, ambaye uhai wa mtu ulikuwa umening'inia mkiani mwake, alipanda juu ya magunia ya makaa, akajikunja na kulala.

Khalayi hakuwahi kuona usingizi mrefu kama ule. Alitaka kumwita, lakini Burale alikuwa amemkataza kusema. Baadaye paka aliamka, akajinyoosha, akajilamba mguu mmoja mpaka Khalayi akatamani kuupiga kofi. Alishuka, akapita chini ya kamba bila kuinua macho, akaenda kuchungulia mtaro.

"Paka gani huyo?" mtu alisema.

Nje ya geti sauti ya kijana iliuliza, "Niaje, kuna nini huko ndani?" Na kabla yeyote hajamzuia, mtoto wa jirani akajibu kwa furaha, "Kuna mchawi!" Nyayo ziliongezeka nje. Jiwe liligonga bati la geti, kisha la pili. Khalayi aliona ukuta wa ua ukisogea karibu. Alimwita Mungu kwa lugha ya mama yake, bila sauti.

Wakati huo Habon alishikwa na kikohozi, kikamalizikia kwenye kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Masikio ya Simiti yalisimama. Aligeuka pale mtaroni, akakimbia, akaruka kwenye kamba na kung'oa soksi. Akaanza kuita, kinywa kimejaa, ile sauti iliyobanwa ambayo kila mtu alikuwa ameisikia wakati wa mvua akadhani ni kitu kingine. Alipita katikati ya miguu ya watu. Khalayi alinyoosha mkono, lakini paka alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa Khadro, akapanda mapajani pake, akailaza soksi juu ya tumbo la mtoto na kuanza kumlamba kichwa.

Kisha Khadro akacheka, kicheko cha bibi, na ua wote ukacheka naye. Lorine ndiye aliyecheka zaidi, akimpigapiga Khalayi begani. "Wee, Mama Kweyu! Paka yako ni mama!"

Burale alifungua geti nusu. "Ni paka," aliwaambia wa nje. "Nendeni nyumbani." Walikawia, kama watu walionyimwa kitu walichoahidiwa, kisha wakatawanyika, mmoja akidondosha jiwe lake njiani.

Khalayi alikuwa ameketi matopeni bila kujua ameketi lini. Hakucheka. Aligundua kwamba maji yaliyolowesha sketi yake hayakuwa ya mvua. Khadro ndiye aliyeona. Alitoa leso ndani, akaja akamfunga kiunoni kama anayemsaidia kuinuka tu.

Siku hiyo hiyo Burale alimpeleka Habon zahanati, akapewa dawa ya kifua, na bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda chake likazibwa. Kikohozi kilipoa polepole. Mumina alikuja kuomba msamaha na chupa ya chai ya maziwa, akalia, na Khalayi akamwambia yameisha. Kwa Mumina na Khadro yalikuwa yameisha kweli. Lakini kila jioni alipopita getini alisikia yale mawe mawili kwenye bati, na kila Lorine alipompigapiga begani akicheka, ngozi yake ilisinyaa.

Mwaka mpya ulipoingia alihamia ploti nyingine, Dandora hiyo hiyo, upande ambao hakuna aliyejua jina lake. Khadro alimsindikiza akibeba jiko. Simiti alikuwa ndani ya kikapu kilichoshonwa mdomo.

"Anakamata panya?" mwenyeji mmoja aliuliza wakishusha kitanda.

"Anakamata," Khalayi alisema, halafu akainua macho. Kwenye kamba ya ua kulikuwa na nepi, na fulana ndogo ya manjano.

Moyo ulimpiga mpaka masikioni. Aliweka mzigo chini.

"Mwenye mtoto anakaa chumba gani?" aliuliza. Alipoonyeshwa, hakungoja hata kufungua godoro wala kumtoa Simiti kikapuni. Alimshika Khadro mkono, wakaenda wote wawili wakabisha hodi.