Siku Ishirini na Tatu Zilizofutwa Mtoni Wagenia

Saa kumi na mbili asubuhi, Orpha Lifoko anashuka kwenye mawe yenye utelezi ya maporomoko ya Wagenia, Kisangani. Anafunga kamba kwenye mti unaoshikilia vikapu vya wavuvi, kisha anatumbukiza chupa majini.

"Mama Orpha, miaka munane uko nachota, na mutoni haiishe!" anamtania mvuvi, Papa Urbain.

"Na weye, papa, samaki iliisha?"

Orpha, miaka 41, alisomea hisabati. Hupima virutubisho vinavyosombwa na mto, na namba zake huenda kwa watafiti wa ng'ambo wanaokokotoa jinsi mwani utakavyoota baharini, mto unakoishia.

"Hesabu yenyewe haitishe," anasema. "Unauliza mwani inakula nini, inapata jua ngapi, ngapi inakufa. Ukikosea chakula, umekosea yote."

Na chakula ndicho walichokosea. Katika rasimu ya ripoti yao, siku zake ishirini na tatu za Novemba zimefutwa na kuandikwa "kosa la mpimaji". Namba zilikuwa kubwa mno, walisema. Wakaweka wastani.

Hakukuwa na kosa. Siku hizo mto ulijaa matope yenye virutubisho vingi, na wavuvi wa Wagenia huondoa vikapu vyao maji yakiwa hivyo, visije vikapasuka. Kila siku Orpha aliandika pembeni mwa namba: "Vikapu vimetolewa." Alipolalamika, alijibiwa kwamba kompyuta husoma namba tu.

"Hawakuuliza hata mutu mumoja!" anafoka. "Alors, basi, mutoni yote ilikosea?"

Ni aibu. Mwanamke anayeujua mto huu kwa nyayo zake anahukumiwa na watu ambao hawajawahi hata kulowa ndani yake.

Alirudia hesabu yote kwa kalamu, siku zake zikiwemo. Mwani ukaongezeka maradufu mwezi Januari, kama ulivyoongezeka kweli baharini. Hesabu ya watafiti haikuonyesha kitu.

Ripoti inafungwa Ijumaa. Amewatumia kurasa zake, pamoja na majina ya wavuvi sita walioondoa vikapu. Hadi jana, kimya. Anataka siku zake zirudishwe, na hesabu zijazo zifanywe hapahapa Kisangani.

"Mama, leo maji iko nzito!" anaita Papa Urbain. "Tunatosha vikapu, zisipasuke!"

Orpha anafungua daftari jipya. Amelichora upya mwenyewe: maelezo ya wavuvi sasa yako safu ya kwanza, namba zinafuata.

"Sema tena, papa," anamwambia. "Safari hii wataanza na neno yenu."