Kamba Niliyoiruka Makusudi

Harufu ya kamba mpya ya mkonge haijawahi kunipita kimya. Juzi niliingia duka moja la vyuma hapa Thika mjini kutafuta bawaba za mlango, na kabla sijasalimia ikanipiga puani: majani makavu, mafuta, na uchachu kidogo kama wa gunia lililonyeshewa. Kijana wa dukani alikuwa amemkatia mteja mita ishirini, akawa anaizungusha kati ya kiganja na kiwiko, mbio mbio, akijiona fundi. Nikamwambia, "Ukiikunja hivyo unamuuzia huyu mzee mafundo." Akacheka. "Shosho, hii kazi tumezoea." Basi nikamnyang'anya. Bibi mzee wa umri wangu huu, na magoti yangu haya. Niliikunja pale juu ya kaunta, duara baada ya duara, watu wakisubiri nyuma yangu, na sikumwomba mtu radhi. Nina sababu, na ninyi mtanisikiliza.

Sababu yenyewe niliipata Ruiru, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa upande wa Mugutha: baba, mama, mimi, na Cucu, mama yake baba, ambaye mimi nilipewa jina lake. Kwa sababu hiyo baba hakuniita Nyambura kama wengine. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, na kwa kweli nililitumia jina hilo vibaya, maana nilijiona nina haki ya kumjibu kila mtu.

Baba, Njoroge, alikuwa mkwea miti wa shamba. Wengine walichuma na kupalilia, yeye alikwea. Alipunguza matawi ya miti ya mikima iliyoipa kahawa kivuli, na mikaratusi ilipozeeka aliiangusha kipande kwa kipande kuanzia juu. Alijifunga kamba kiunoni, akaipitisha kwenye panda ya juu, pale mti unapogawanyika, na ncha ya pili ikashikwa chini na rafiki yake Wafula, mwanamume mrefu aliyekuja kutafuta kazi kutoka magharibi. Baba akitaka kushuka, Wafula alimlegezea kidogo kidogo. Muda wote huo Wafula aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Akinyamaza, ujue kuna taabu.

Kamba ile ilikuwa na miiko yake. Isikaribie moto. Isifungie ng'ombe. Na mwanamke asiiguse wala kuiruka, kwa sababu ikirukwa na mwanamke itamwangusha aliye juu. Wanaume wote wa shamba waliliamini hilo kama walivyoamini mvua. Nilimwuliza Cucu ilikotoka sheria hiyo. Alisema kwao hakuwahi kuisikia. Ilizaliwa papo hapo shambani, mama yake ni uvivu wa kutafuta sababu.

Siku moja ya likizo ya Aprili nilimpelekea baba chakula. Nilifika nikamkuta juu ya mkaratusi, ameanza kushuka, na Wafula anaimba. Mara Wafula akanyamaza. Lundo la kamba miguuni pake lilikuwa limejisokota, na fundo kubwa kama kichwa cha mtoto likapanda juu haraka kuliko mkono wake, likakwama kwenye panda. Baba akabaki ananing'inia. Hakuweza kupanda wala kushuka, kamba inamkata mbavu, miguu inatafuta shina na hailifikii. Wafula alifunga ncha yake kwenye mti wa pili, akaunganisha ngazi mbili, akapanda akalifungua fundo lile kwa vidole na meno. Kwangu ilikuwa kama siku nzima. Sikulia. Nilisimama na sufuria yangu kichwani nikimtazama baba, nikifikiri kwamba nikipepesa macho ataanguka.

Ndipo akaja nyapara. Tulimwita Gathua, mtu wa koti zito hata kwenye jua kali. Hakumwuliza baba kama ameumia.

"Nani aliruka hii kamba?" akauliza.

Watu wote wakageuka kunitazama.

"Ni haka katoto ka Njoroge. Kila siku kanapita-pita hapa na sufuria. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Sikuwa nimeiruka. Nilikuwa nimepita mbali, kwenye mistari ya kahawa, kama nilivyofundishwa. Nikamtazama baba aseme neno. Baba alikuwa anajipapasa mbavu, hakusema kitu. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Gathua.

Gathua akatoa amri mbili. Ya kwanza, nisionekane tena chini ya mti unaokatwa. Ya pili ilikuwa ya baba. Jumamosi ulitakiwa kukatwa mkaratusi mkubwa kuliko yote, ule ulioliinamia paa la kiwanda cha kahawa. Kamba ikikwama tena, baba arudishe ufunguo wa nyumba. Ninyi mliozaliwa juzi pengine hamjui maana yake. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza. Aliyefukuzwa shambani alipoteza kibali cha kazi, na Mkikuyu asiye na kibali alipakiwa lori akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki, akaanze kutafuta atakachokula. Kwa hiyo Jumamosi baba angeweza kupoteza maisha yake, au sisi sote tungepoteza mahali pa kulala, na vyote viwili vilitegemea kamba isijifunge.

Mimi nilikuwa na hasira. Na hasira yangu, tofauti na ya watu wengi, huwa inanifumbua macho. Nilianza kumtazama Wafula kila jioni alipokuwa akikunja kamba: kiganja, kiwiko, kiganja, kiwiko. Halafu nikarudi nyumbani nikamtazama Cucu. Alikuwa akisokota nyuzi za kiondo juu ya paja lake, na akishamaliza uzi mrefu aliukunja kwa duara. Lakini kabla ya kuliweka kila duara, kidole gumba chake kiliuviringisha uzi kidogo, kidogo tu, kama mtu anayegeuza ufunguo. Nyuzi zake hazikuwahi kufungana.

"Kwa nini unaugeuza?" nikamwuliza.

"Uzi una upande uliosokotewa. Ukiukunja bila kuufuata, utajikunja wenyewe ukulipize kisasi."

"Na kamba je?"

"Kamba ni uzi ulionenepa," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ijumaa mvua ikainyeshea kamba, ikawa ngumu na kaidi. Gathua akamwambia baba aichukue nyumbani, alale nayo akipenda, mradi kesho iwe sawa. Alasiri hiyo baba na Wafula waliihangaikia mbele ya mlango wetu. Walifungua mafundo, wakaikunja kwenye kiwiko, wakaiachilia, nayo ikaruka ikajisokota upya. Mwishowe wakaiacha pale chini wakaenda kuukagua mti kabla jua halijazama. Mama alikuwa mferejini. Cucu alikuwa amesinzia, au alijifanya amesinzia. Mpaka leo sina hakika.

Nikaishika. Niliivuta yote, nikainyoosha kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye ua wa misonobari, nikatembea nayo ikipita kiganjani mwangu ili kila msokoto uliozidi utokee kwenye ncha. Ilinichubua. Kisha nikapindua pipa la maji nikaanza kuikunja juu yake: duara, kidole gumba kinaigeuza kuelekea upande iliosokotewa, duara, geuza, duara, geuza. Nilipogeuza kupita kiasi kamba ilijikunyata. Nilipopunguza ilijivimbisha. Nilipopatia ililala chini kama paka aliyeshiba. Niliipanga ndani ya gunia, ncha ikabaki nje.

Halafu nikakumbuka yale macho yote yaliyonigeukia. Nilikuwa nimehukumiwa kwa kosa ambalo sikulitenda. Nikaona afadhali nilitende. Nikalipandisha gauni langu, nikaliruka lile gunia. Mara moja kwa ajili ya Gathua. Mara ya pili kwa ajili ya wote walionitazama. Mara ya tatu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

"Ũũi! Nyambura! Umeruka kamba ya baba yako!" Alikuwa Mama Kezia, jirani yetu, ndoo kichwani. Huyo hakuhitaji gazeti. Yeye mwenyewe alikuwa gazeti. Baba aliporudi, jirani huyo alimwahi hata kabla hajavua kofia.

Baba akaniuliza taratibu, "Maitu, ni kweli?"

"Ni kweli. Niliikunja mimi. Na nimeiruka mara tatu."

Mama alikuwa amerudi, tayari ameshika mwiko wa ugali. "Huyu msichana atatuua," alisema. Baba akainua mkono kumzuia. Akachuchumaa, akaishika ile ncha, akavuta. Kamba ikaja, duara baada ya duara, ikaja bila kusita mpaka ncha ya mwisho ikatoka kwenye gunia. Hakuna fundo.

"Ikunje tena," akaniambia. Nikaikunja tena mbele yake, naye akatazama kidole changu.

Jumamosi nilikwenda kiwandani. Nilikatazwa, nikaenda, na sikujificha. Nilisimama karibu na vitanda vya kuanikia kahawa, mahali ambapo Gathua angeniona vizuri. Habari za Mama Kezia zilikuwa zimemfikia.

"Njoroge, nasikia hii kamba imekunjwa na katoto kako. Mwaga yote chini, ikunjwe na mwanaume."

Baba akaendelea kujifunga kiunoni. "Nyapara, hii kamba imekunjwa na wanaume miaka yote, na juzi nilining'inia kama nyama ya buchari. Leo napanda na hii."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka hutapata taabu ya kunifukuza."

Watu walicheka, hata wale waliokuwa na hofu. Baba akapanda. Alipanda mpaka akawa mdogo, juu ya lile paa la mabati, na msumeno ukaanza kulia. Vipande vilishushwa kimoja kimoja. Wafula aliimba, nami nilisikiliza wimbo wake tu, sikuangalia juu tena. Kamba ilitoka kwenye gunia laini, ikapita mikononi mwake, ikapita kwenye panda. Kila baba alipoteremka kidogo ilimfuata. Aliimba nyimbo zote alizozijua akarudia mwanzo. Jua lilikuwa limepita utosini baba alipokanyaga ardhi, shati limemganda mgongoni, na paa la kiwanda likiwa zima.

Gathua alisema, "Kamba ikikauka vizuri haikwami," akaenda zake. Kuomba msamaha hakukujua, na sikumngojea. Lakini Jumatatu jioni Wafula alikuja mlangoni kwetu na kamba begani, akaiweka chini mbele yangu. Ikawa hivyo kila jioni mpaka tulipohamia Thika, Makongeni. Kila nilipomaliza kuikunja, na Gathua akiwa anapita, niliiruka.

Nilikua nikijisifu kwa kisa hicho. Niliwasimulia wanangu kwamba mimi na baba yangu hatukuogopa ushirikina wa mtu, kwamba tulimkaidi nyapara pamoja, baba na binti, wenye moyo mmoja. Nilimsimulia hata mchungaji siku ya kumzika baba, kwa fahari kubwa. Wafula alikuwa amekaa karibu yangu kwenye benchi, mzee wa fimbo sasa, akitikisa kichwa.

"Baba yako aliogopa," aliniambia wengine walipoondoka. "Hakulala ile Ijumaa usiku. Alikuja kwangu alfajiri, akasema, Wafula, leo nitaanguka, kamba imerukwa. Nikamwambia basi tuikunje upya mimi na wewe sasa hivi, nani atajua? Akasema, mtoto atajua."

Nikamsogelea nimsikie vizuri.

"Halafu akanishika mkono. Akasema, nikianguka, waambie uliikunja wewe. Mtoto asije akaambiwa ni mikono yake."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilimwambia sawa."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi. Mimi niliiruka kamba ile miguu yangu ikiwa ardhini, na sikuogopa kitu kwa sababu sikuamini kitu. Kukaidi kwa namna hiyo ni rahisi, hata mbuzi anaweza. Baba aliuamini mwiko ule wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na bado akajifunga kiunoni kamba niliyoikunja mimi.