Jasho la Dobi

Mume wangu ni dobi. Watu wamembandika jina la Kola kwa sababu kola ya shati isiponyooka, hali wala halali. Jasho kwake si habari. Kibanda chetu cha kupigia pasi kina dirisha moja tu, na tangu anioe sijawahi kumwona mkavu saa za kazi. Wateja humtania kwamba maji ya kunyunyizia nguo anayakamua kwenye paji la uso.

Kisukari anacho miaka mingi. Jasho likizidi husema sukari imeshuka, anakunywa chai tamu, yanaisha. Nami nikazoea, na mazoea yana taabu.

Asubuhi ile nilimkuta ameketi juu ya rundo la mashuka, shati limemganda mgongoni.

"Mama watoto, sukari imeshuka. Nikorogee chai."

"Kifua kinauma?"

"Siumwi popote. Pumzi tu haitoshi. Koroga, acha maswali."

Nikakoroga. Nilipotaka kuweka kikombe mezani nikaisukuma pasi kwa kiganja. Ilikuwa baridi, hata kuiwasha alikuwa bado. Nikamshika paji la uso, nalo baridi. Hofu ikanishika. Sasa huyu mtu jasho linamtoka la nini?

"Lete kidole nikupime."

"Chai kwanza."

"Kidole, Kola." Jina hilo simwiti mpaka nimekasirika, kwa hiyo akatoa.

Kipimo kikaonyesha sukari iko juu sana. Nikaiacha chai palepale, nikatoka pekupeku kumwita jirani mwenye teksi.

Hospitalini daktari alisema mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba. Nikambishia, mbona hakuumwa? Akanieleza taratibu kwamba kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya damu, na hudhoofisha pia mishipa ya fahamu, hivyo moyo unaweza kushambuliwa na mwenyewe asisikie maumivu.

"Mngekaa kusubiri chai ifanye kazi, mama..." akasema.

Kola amerudi kazini, mashati machache kwa siku, na ulimi wake ni uleule. Ni mimi ambaye sijarudi. Naogopa, sifichi. Akianza kutoka jasho naacha nilichoshika, naenda kugusa pasi.

"Utaungua wewe," ananiambia.

Vidole vina malengelenge tayari. Kila nikiungua, nashusha pumzi.