Nyasi za Meja

Ephantus Kibe alibeba tenti za harusi za Zadock mpaka mabega yake yakazoea kuinama hata yasipobeba kitu. Kapeti nyekundu ya bibi harusi ilikuwa yake kutandika, na hakuna bibi harusi aliyewahi kujikwaa juu yake. Siku aliyosema anaacha, kwamba anaenda kutandika nyasi za plastiki kwa watu wenye mbwa, Zadock alicheka mpaka akashika nguzo ya tenti asianguke.

"Kibe, unaacha maharusi ukatandikie mbwa choo? Enda tu. Tenti zako zitakungoja."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kazi ya kwanza ilikuwa kwa Mama Stacy, kule Spring Valley. Ikikataliwa, ni kurudi chini ya tenti, kusikiliza kicheko kile mpaka uzee.

Mama Stacy alikuwa na mbwa mmoja, Meja, mkubwa kama ndama, na ua wa udongo wa mfinyanzi. Udongo ule mvua ikinyesha haunywi maji. Unayashika kama mchoyo, unageuka uji, na Meja anauleta varanda na jikoni kwa miguu yote minne. Kaluki, aliyefanya kazi ya nyumba hapo, alikuwa amepiga deki mpaka anaota matope.

"Fundi, mimi mambo ya nyasi sijui," Mama Stacy alisema walipopatana. "Jumamosi nikirudi kutoka safari, Meja akikojoa hapo mbele yangu, kazi ni sawa. Akikataa, uzikunje uende nazo. Mwenye kukubali hii kazi ni yeye."

Ephantus alifanya kazi kama anayejenga kanisa. Alichimbua udongo ule, maana ukitandika juu yake mkojo hauna pa kwenda, unabaki hapo ukinuka. Akaweka mteremko wa kuelekea ukutani, akalaza paipu yenye matundu aliyoinunua madukani River Road, akamwaga kokoto, akashindilia, juu akatia mchanga. Ndipo akanyoosha nyasi na kuzipigilia misumari kandokando, bila mkunjo hata mmoja. Ijumaa mvua ikapiga, na maji yakashuka chini kama yameitwa. Ephantus akapiga picha, akamtumia Zadock. Zadock akarudisha picha ya tenti.

Jumamosi mchana Kaluki akamfungulia Meja. Mbwa akaja mbio, na alipofika ukingoni akafunga breki. Akanusa. Akainua mguu mmoja, akaurudisha chini. Kisha akazunguka nyasi zote polepole, akijibana ukutani, mpaka kwenye kipande cha udongo kilichobaki nyuma ya tangi la maji. Akamaliza haja zake huko akiwatazama.

"Amezoea shida," Kaluki alisema.

Ephantus akatupa mfupa katikati. Meja akatokwa na mate, akalia kidogo, hakukanyaga. Ephantus akamwita kwa upole, akapiga makofi, mwishowe akapiga magoti akatambaa.

"Fundi, muonyeshe tu vile inafanywa," Kaluki alisema. "Mimi nitaangalia kando."

"Dada, usinicheke. Kuna mtu mwingine ameshika hiyo kazi ya kunicheka."

Nguo zilikuwa zimekauka kwenye kamba ng'ambo ya nyasi. Kaluki akaenda kuzianua. Alipofika ukingoni akavua malapa, akayapanga kando ya gambuti za mpira alizovua Ephantus, akapita pekupeku. Meja akayaangalia malapa. Akaziangalia gambuti. Akajilaza, kidevu juu ya miguu.

Ephantus akaliona jambo hilo, akasimama.

"Dada, umevua viatu kwa nini?"

"Si wewe ndio ulivua kwanza?"

"Mimi ni mazoea. Kapeti ya bibi harusi huwezi kanyaga na gambuti."

Kaluki akabaki na shuka mikononi. "Basi ni hiyo. Huyu nimemfundisha na mwiko wa ugali. Pale viatu zimevuliwa, mlango wa sebule, mbwa hapiti."

"Kumbe ni sisi tumemfungia."

Honi ikalia getini. Ephantus akavaa gambuti mbio mbio, ya kulia mguu wa kushoto. Kaluki akavaa malapa, lakini mguu ukagoma hewani. "Aki siwezi. Ni safi sana."

Mama Stacy akaja, akaona ule ukijani, uso ukafunguka. Akainama avue viatu.

"Mama, usivue," Ephantus akasema.

"Ati?"

"Kanyaga tu, tafadhali. Hata ukipitia matope kwanza, ni vizuri zaidi."

Mama Stacy alimtazama kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo kwake. Kaluki akamweleza upesi kwa Kikamba. Mama Stacy akaguna. "Yaani mmemtandikia mbwa sebule."

Wakapita nyuma ya tangi, kisha wakaingia kwenye nyasi: mbele Mama Stacy na viatu vya ofisi, katikati Kaluki amefumba macho, nyuma Ephantus akiburuta matope na kuumia moyo kwa kila alama. Meja akainua kichwa. Akaweka mguu mmoja, akangoja mwiko. Mwiko haukuja. Akaenda katikati, akachukua mfupa wake, kisha akatafuta mti. Mti haukuwepo. Kilichosimama wima hapo karibu ni Ephantus.

Ephantus hakusogea. Mkojo ukatelemka kwenye gambuti, ukaingia nyasini, ukapotelea kwenye kokoto.

"Kazi ni sawa," Mama Stacy alisema. "Lakini muwekee hata kisiki."

Zadock alipiga simu Ephantus akikaribia nyumbani, mtaa wa Kabiria. "Kibe, kesho nataka mtu wa kapeti."

"Kesho naenda kuweka kisiki."

"Kisiki ya nini?"

"Ya choo," Ephantus akasema, akakata.

Mlangoni, viatu vya watu wa nyumbani vilikuwa vimepangwa mstari, na sakafu ilikuwa bado mbichi kwa deki. Ephantus akasimama akiviangalia.

"Baba Shiru, unangoja nini? Vua viatu uingie," mkewe Wangui alisema kutoka ndani. Kisha akanusa. "Na hiyo moja, wacha huko nje ya geti."