CEO wa Group Yetu na Lori la Majani Ambalo Halikuja

Wakuu, salamu kutoka kwa baridi ya Kericho. Nimesoma nyuzi zenu humu muda mrefu bila kuchangia neno, leo wacha na mimi nitoe yangu. Sitaongeza chumvi kwa sababu hii stori haihitaji. Majina nimeyabadilisha, maana wengine wetu bado tunatafuta kazi.

Mimi ni msichana, nasomea programming kwa chuo fulani hapa mjini. Nyumbani ni upande wa Mogogosiek, Konoin, kule Bomet, kwenye majani chai. Shamba letu si kubwa, lakini ndilo lilinilea na ndilo linanisomesha.

Kwanza mjue maisha yenyewe yalivyo.

Ukisema kijijini unasomea kompyuta, hapo umejitangaza fundi wa kila kitu chenye waya. Nimeletewa redio. Nimeletewa blender. Mjomba alinipigia nikiwa class eti TV yake haishiki station. Nikamwambia tu aizime halafu aiwashe, ikashika. Tangu hiyo siku ananiita injinia mbele ya wageni, na sijui nitamwambiaje ukweli.

Kanisani mimi ndiye wa kubonyeza projekta. Maneno ya wimbo yakichelewa, kwaya nzima inageuka kuniangalia kama mtu aliyeiba sadaka.

Ile kazi yenyewe, ya kukaa asubuhi hadi mchana ukitafuta koma moja uliyosahau, hakuna mtu amewahi kuniuliza.

Na classmates wangu? Mungu anisamehe.

Kuna yule wa skrini nyeusi na maandishi ya kijani yanayokimbia, anavaa hood ndani ya class. Ukichungulia unakuta anadownload movie. Kuna yule aliyefanya kompyuta iandike "Hello World" Jumatatu, Jumanne profile yake ikasema Software Engineer. Kuna anayekopi code yote kwa AI bila kuisoma, hadi ile sentensi ya juu inayosema "hii hapa code uliyoomba". Alisubmit nayo hivyo hivyo.

Lakini hao wote ni malaika ukiwaweka kando ya CEO.

CEO ni jina alilojipa mwenyewe. Tulipewa project ya mwisho tuifanye kwa group ya watu watano. Kabla hatujaamua tutatengeneza nini, yeye alikuwa ashachora logo na kujigawia cheo. Kijana wa mjini, babake ana hardware, viatu vyake havijawahi kuona matope. Kila sentensi anaanza na "basically". Siku ya kwanza aliniambia mimi nishughulikie rangi, "si wewe ni dem". Code yote niliandika mimi na jamaa mmoja mpole wa Kedowa. Rangi pia tukachagua sisi.

Wazo lenyewe lilikuwa langu, na nililitoa kwa mama.

Kwa wale hawajui: kwetu mkulima anachuma majani, anapeleka kwa buying, kile kibanda cha kupimia kando ya barabara. Hapo anangoja lori la factory. Lori likichelewa mnangoja. Mvua ikinyesha mnangoja. Majani ya chai hayana subira, yakikaa yamerundikana yanashika joto na kugeuka mekundu, na karani akiyaona hivyo anayakataa. Unarudi nayo nyumbani, ama unayamwaga hapo kando.

Mama alikuwa amechoka na hiyo. Akaamua kugombea kamati ya buying yetu, kiti ambacho Mzee wa Kofia amekikalia tangu mimi niko nursery. Kazi ya huyo mzee ni kuja mikutanoni, kunywa soda na kusema "tutafuatilia". Hakuna mwanamke alikuwa amewahi kujaribu kumtoa. Mama alikitaka hicho kiti, wakuu. Sijawahi kumwona akitaka kitu hivyo.

Kwa hivyo project yetu ikawa hii: kijana wa lori akitoka factory anabonyeza kitu kwa simu, wakulima wanapata SMS kwamba lori liko njiani. Rahisi, na ina faida.

Mama akazunguka kwa majirani akatuombea namba za simu. Watu hawapeani namba ovyo siku hizi, matapeli ni wengi. Walizipeana kwa sababu ni yeye. Aliwaambia, "Ni mtoto yangu. Mkiona message imeandikwa LORI, hiyo ni yetu, muiamini."

Mimi nikatengeneza orodha mbili kwa system. Moja ina namba zetu sisi watano, ya kujaribia. Nyingine ina wakulima, haiguswi hadi tuelewane na factory. Nikamwambia CEO mara kadhaa: jaribu na zetu.

Akanijibu, "Basically, real data inakaa poa kwa demo."

Basi.

Asubuhi moja katikati ya wiki CEO aliamua kujirekodi video ya status. Alikaa kwa balcony, kikombe cha kahawa (kahawa! Kericho!), laptop mapajani. Kwa hiyo video unamwona akisema "hivi ndivyo tunabadilisha maisha ya mkulima wa chini", halafu anabonyeza Send huku anatabasamu.

Message aliyotunga kichwani mwake ilisema: "Leo lori litapita saa nne asubuhi. Leta majani sasa."

Orodha aliyochagua mnaijua.

Sasa fikiria Mogogosiek. Watu wanakunywa chai ya asubuhi, ng'ombe wamekamuliwa, kila mtu anajua lori ni la jioni. Simu zinalia nyumba hadi nyumba. LORI. Ile ambayo mama alisema waiamini.

Watu waliacha vikombe mezani. Walichuma na umande, walichuma wakikimbia, waliita hadi watoto wa likizo. Kufika saa nne buying ilikuwa imejaa magunia kama siku ya mavuno ya Krismasi, na kila mtu anamsifu mama. Aliniambia baadaye kwamba hapo alikuwa ameanza kusikia utamu wa kile kiti.

Saa tano, hakuna lori. Saa sita, hakuna.

Mimi niko class sijui lolote. Simu ikaita, mama.

"Chela, lori yenu iko wapi?"

"Lori gani, mama?"

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea kwa sauti, wengi. Halafu akasema polepole, "Haya. Nimeelewa." Akakata.

Nilifungua system hapo hapo nikaona kilichotumwa na aliyekituma. Nilimpata CEO kwa canteen akila chapo na supu.

Mnajua alisema nini? "Kwani imefika kwa wote? Sasa hiyo si ni poa! At least tumejua SMS inafika."

Nilitaka kummwagia ile supu. Bado nataka.

Lori lilikuja jioni, saa zake za kawaida. Majani yalikuwa yameshinda kwa magunia kwenye jua, halafu mvua ya Konoin ikapita kama kawaida yake. Karani alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa. Lilikuwa na joto kama ugali. Mengi yalikataliwa. Mama Kipngeno, jirani yetu mjane, alikataliwa yote, na yeye huchuma peke yake.

Mzee wa Kofia alisimama juu ya mizani akasema, "Si mmeona? Hata kabla apewe kiti ameshaharibu." Watu wakaondoka bila kumuaga mama.

Nikamwambia CEO tuende nyumbani tuombe msamaha. Akasema hiyo si professional, ataishughulikia kiofisi.

Akatuma SMS nyingine. Kwa wakulima wale wale. Kwa Kiingereza: "Dear Valued Stakeholder, we sincerely regret any inconvenience occasioned by our testing phase. Management."

Dear Valued Stakeholder! Kwa nyanya yangu! Na kwa sababu ilitoka kwa LORI, mzee mmoja asiyesoma Kiingereza aliona jina tu, akabeba gunia akaenda kungoja lori mara ya pili.

Nilifika nyumbani Jumamosi nikitarajia kugombezwa. Nilimkuta mama akivaa gumboots. Akaniambia, "Twende." Kumbe tangu ile jioni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, na zilibaki za upande wa mtoni.

Tulizimaliza pamoja. Kila mlango ni chamgei, salamu yetu, halafu anakataa kiti. Anasema akiwa amesimama, "Ile message haikutoka kwa lori. Ilitoka kwa watoto wa shule, na namba ni mimi niliwapea. Nimekuja niseme mwenyewe." Hakunitaja mimi, hakumtaja CEO. Wengine walimwambia kongoi, yaani asante, kwa kuja. Mmoja alisikiliza akaendelea kukata nyasi za ng'ombe.

Kwa Mama Kipngeno hakusema mengi. Alichukua kikapu kilichokuwa ukutani akaenda shambani kwake kuchuma, na mimi nikafuata. Mama Kipngeno alituangalia tu kutoka jikoni. Tulipomaliza mistari kadhaa alituletea chai, hakukaa nasi. Nililia nikichuma, na sioni haya kuandika hivyo.

Sasa njooni kwa panel.

Siku ya kupresent CEO alikuja na blazer. Slide ya tatu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: USER ENGAGEMENT 100%. Akaeleza lecturers kwamba kwa "field test" yetu kila mkulima aliyepata SMS alifika kituoni. Kila mmoja! Akapumzika kidogo ili apigiwe makofi.

Madam mmoja kwa panel, anaonekana amekulia kwenye majani kama sisi, aliinua miwani.

"Walifika wote?"

"Wote, madam."

"Na lori?"

CEO akaangalia slide. Akaniangalia mimi. Akasema, "Basically..."

Nikasimama. Nikasema, "Lori lilifika jioni, madam, kama kawaida. Majani yalikuwa yameharibika." Nikaeleza yote, kutoka kwa status hadi stakeholder. Jamaa wa Kedowa akaongezea pale niliposahau.

Tulirudishwa wote. Tuirudie project muhula ujao, kila mtu na yake, na CEO aende kwanza akaombe msamaha kwa wakulima, ana kwa ana. Nilijua kwa kusema vile nachelewa kumaliza. Sikujali. CEO hadi leo haongei na mimi, na hiyo naihesabu kama baraka.

Kwa buying hakwenda. Alisema barabara ni mbaya.

Uchaguzi ulifika. Kwetu hatuna mambo ya karatasi, wagombea wanasimama mbele na unapanga laini nyuma ya yule unayemtaka, watu wote wakiona. Kwa hivyo ukikosa watu, unakosa hadharani.

Mzee wa Kofia akasimama, laini yake ikaanza kujaa hapo hapo. Mama akasimama upande wa pili na kitambaa chake cha kanisani. Nyuma yake hakuna mtu. Nilitaka kwenda lakini mimi si mkulima aliyesajiliwa, siruhusiwi kupanga laini. Nilisimama kando na simu mkononi.

Halafu Mama Kipngeno akatoka kwa kundi la wanawake. Alitembea polepole, goti lake si zuri. Alienda akasimama nyuma ya mama, akamshika bega.

Mzee wa Kofia akapaza sauti, "Wewe si ndio ulimwaga majani yote kwa sababu yake!"

Mama Kipngeno akamjibu bila kugeuka, "Ndio. Na wewe hukukuja kwangu hata kuniuliza."

Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wanawake wa mtoni. Yule wa nyasi za ng'ombe. Hata yule mzee wa gunia la pili. Laini ya mama ilipita kibanda ikafika barabarani.

Nilipiga picha: mama mbele, anajaribu kutotabasamu na anashindwa, na watu wote nyuma yake. Nikaiweka status. Hapo ndipo nilikosea, maana CEO alikuwa bado anaview.

Juzi jamaa wa Kedowa amenitumia link. CEO ameweka ile picha kwa profile yake ya kazi. Chini ameandika kwa Kiingereza kwamba hawa ni wakulima wa Bomet waliopanga foleni kujisajili kwa app aliyoianzisha. Watu wasiomjua wanamwandikia "inspiring". Mmoja anamuuliza kama anaweza kuja kuongea na vijana.

Nilimwonyesha mama. Alivaa miwani, akaishika simu mbali, akaivuta karibu. Akatafuta na kidole toka mwanzo wa laini hadi mwisho.

"Huyu ni Mama Kipngeno," akasema. "Lakini mbona yeye ndio wa kwanza? Mimi niko wapi?"

CEO alikuwa amemkata kwa picha.

Somo nililopata ni hili, kwa wale mnasomea hii kitu: jaribu mashine yako na namba yako mwenyewe. Na ukiharibia watu, vaa gumboots uende.

Haya, uwanja ni wenu. Kama una CEO wako kwa group, mlete hapa tumjadili. Na wewe CEO, najua uko humu na unasoma. Mama bado anauliza yuko wapi.