Mwalimu, Siusikii Mguu

Leo asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu nyuma ya darasa, peke yangu kama kawaida, wenzangu wakipasha misuli uwanjani.

Raundi ya tatu, mguu wa kulia ukapotea.

Msicheke. Nauona, upo, unakimbia, ila kama wa mtu mwingine. Kwanza sindano sindano vidoleni, kama sisimizi wanahama nyumba. Halafu ganzi tupu.

Wiki nzima ilikuwa hivyo na sikusema. Mimi mtu wa kusema? Darasani wananiita Bubu.

Ila mbio za kupokezana vijiti, mimi ndo wa mwisho kupokea, wa kumalizia. Nikiwa nakuja, wote wanapiga kelele: "Bubu! Bubu! Chapa mwendo!"

Hapo tu ndo huwa naitwa. Nikitolewa timu, basi tena.

Leo nikajikaza. "Mwalimu, siusikii mguu."

"Kwani huwa mnaongea?"

Uwanja mzima hoi kwa kicheko. Na mimi nikacheka, ili yaishe. Nikarudi kukimbia.

Puu! Chini kama gunia.

Mwalimu akaacha utani. Akapiga goti, akanivua kiatu. Vidole vimejikunja, kamba zimenichimba mifereji juu ya mguu.

"We mtoto! Viatu vya nani hivi?"

"Vya dada."

"Vidogo! Umekua, hujui?"

Sikujua. Nilishajizika kabisa, nikidhani mishipa imeoza. Kumbe nimekua tu.

Kwetu, wa kujua hayo alikuwa dada. Ndiye alikuwa ananisimamisha mlangoni, ananipima kwa kiganja: "Bado, kafupi kangu, hunifikii." Akapata kazi mbali, akaniachia viatu. Mama yuko zamu za usiku. Akirudi, mimi nishaenda shule.

"Kesho kwenye mashindano hukimbii," mwalimu akasema, sauti ya chini. "Ukipata vinavyokutosha, njoo tuone."

Kijiti changu akapewa mwingine. Wakamshangilia vilevile.

Basi, ndugu zangu mnaosoma saa hizi, chukueni hili: kitu kikiacha kuuma, msidhani kimepona. Saa nyingine kimechoka tu kulalamika.

Nimemwandikia dada sasa hivi: "Dada, nimekupita mguu. Njoo unipime."

Tiki mbili. Zimegeuka buluu.

Bado nasubiri.