Kengele ku Shingo ya Imbwa Yangu

Bibi benzangu, siku ya kuolewa, balipewa nyungu na mbuzi. Minyi baba yangu alinipatia imbwa ya kuwinda, nyekundu, mukia umejikunja sawa pete. Imbwa za kwetu hazibweke. Njo maana tunazifunga kengele ya muti ku shingo, bawindaji basikie iko wapi mu majani marefu. Na desturi iko moja: mukono wenye ulifunga kengele, njo ule ule utafungua, siku imbwa inaacha kuwinda. Hii nilifunga minyi mwenyewe.

Bwana yangu alikuwa anatumika kazi ku reli, anarudia nyumbani mara moja ku mwezi. Basi ni mudogo yake njo alikuwa anaenda na imbwa mu pori, kisha ananiletea sehemu ya mwenye imbwa: shingo ya nyama na mukono moja. Kwa ile nyama nililea batoto tano. Hakuna hata moja aligeuka nywele nyekundu ya njaa. Muulize kijiji yote.

Kisha imbwa ikazeeka. Nilijua mbele ya bote, juu ni minyi nilikuwa naikulisha. Naweka bukari, ugali yetu, chini, imbwa inanusa pembeni, haisikie tena harufu, inapita. Naisukuma na muguu mpaka pa chakula. Sikuambia muntu. Shamba, maji, kutwanga, mutoto mu mugongo: muntu mwenye kuchoka hapendi kitu hata kimoja kibadilike.

Shemeji alikuya kunitafuta mu kiangazi, akachuchumaa pa mulango.

"Mama ya batoto, fungua ile kengele. Imbwa imechoka."

"Na minyi nimechoka. Minyi, nani atanifungua?"

"Nasema mambo ya imbwa."

"Weye unasema mambo ya shingo ya nyama. Unataka ibakie kwako."

Akasimama. Alipiga mluzi, imbwa ikamufuata, ikijigonga ku mulango.

Siku tatu kisha, jua ikiwa katikati, nilikuwa nachimba mihogo. Nikasikia ko, ko, ko, polepole. Imbwa yangu ikatoka mu majani, ikaanguka pa miguu yangu, ikalala. Nikashangaa: mawindo yameisha saa hii?

Nyuma yake majani yakafunguka. Banaume sita, bameinama, mikuki juu, kimya sawa mu misa. Shemeji alikuwa wa kwanza. Tangu asubuhi balifuata ile kengele, banafikiri imbwa iko nyuma ya swala. Kumbe ilikuwa inarudi nyumbani, ku njia yenye miguu yake ilizoea.

Muzee moja alinitazama, akatazama jembe yangu.

"Nyama yetu njo hii? Iko na mafuta, lakini iko na jembe."

Banaume bakacheka mpaka bakakaa chini. Shemeji hakucheka.

"Na kwangu kuko batoto," alisema. "Leo nyumba sita zitalala bila nyama, shemeji. Ulikuwa unajua?"

Minyi, mwenye mudomo wa kushinda bibi bote ya kijiji, nikatupa jembe chini. Nilijua. Nilijua tangu mvua.

Nikapiga magoti mu udongo. Kamba ya ngozi ilikuwa imekauka sawa mufupa, vidole vyangu havikuweza. Nikakata na meno, mbele ya bale banaume. Chini ya kamba manyoya yalikuwa yameisha, ngozi iko tu nyeusi, laini sawa ya mutoto mwenye kuzaliwa. Imbwa ikatikisa kichwa, ikangojea ile ko, ko. Ikatikisa tena. Kisha ikalaza kichwa yake pa muguu yangu, nzito.

Ile magaribi tulikula sombe, majani ya mihogo tu. Siku nyingi kisha tulikula sombe, na batoto balinung'unika, nikabaambia bafunge mudomo. Bukari ya imbwa nilikuwa naikulisha kwa mukono.

Mwezi moja kisha, shemeji alinitumia mukono wa nyama. Shingo, hapana: shingo ni ya mwenye imbwa yenye inawinda. Nilipokea. Aksanti nilimupa kisha tu, mvua ilipoanza, na nilisema kidogo kidogo.